Muuguzi Mpya Tanga: Namna ya Kulinda Haki ya Mgonjwa na Leseni Yako Kuanzia Zamu ya Kwanza

Mwongozo huu ni wa muuguzi au mkunga aliyemaliza chuo na kupangiwa Hospitali ya Bombo, vituo vya Ngamiani, Makorora, Pongwe, au zahanati yoyote ya mkoa wetu iliyo mbali na lami. Chuoni ulisoma sheria na maadili, ukafanya mtihani, ukafaulu. Wodini mambo hayo hayaji kwa sura ya mtihani. Yanakuja usiku wa manane, wagonjwa wamejaa, ndugu wamesimama mlangoni, na daktari hapokei simu. Ninachotaka ukione tangu mwanzo ni kwamba sheria ya kazi yetu imewekwa kwa ajili ya mgonjwa kwanza, na muuguzi anayemlinda mgonjwa kwa utaratibu hujilinda mwenyewe humo humo.

Hatua ya 1: Leseni kabla ya sindano

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka jina lako liwe kwenye rejista ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na uwe na leseni hai. Cheti cha chuo si leseni, na barua ya ajira si leseni. Angalia tarehe ya mwisho wa leseni yako, weka ukumbusho kwenye simu mapema, na tunza vyeti vya mafunzo endelevu kwenye bahasha moja, maana utavihitaji wakati wa kuhuisha.

Fahamu pia kwamba Baraza si chama cha kututetea. Kazi yake ni kuilinda jamii dhidi ya huduma mbovu. Vya kutetea maslahi yetu ni chama cha kitaaluma, TANNA, na vyama vya wafanyakazi kama TUGHE. Jiunge mapema, usisubiri siku ya matatizo.

Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kugeuza sebule yako kuwa zahanati. Mtaani watakujua haraka. Jioni mama wa jirani atakuja na kichupa cha dawa na bomba la sindano: "Mwanangu, nidunge tu, nimenunua duka la dawa." Unamheshimu, amekulea pengine. Lakini hapo kwako huna dawa za dharura mwili ukiikataa ile sindano, huna maandishi ya daktari, huna jalada. Mwambie kwa upole, kisha msindikize kituoni. Kumsindikiza ni muhimu kuliko kumkatalia, kwa sababu ukimkatalia tu atampata mwingine asiye na mafunzo yoyote.

Hatua ya 2: Jua mwisho wa kamba yako

Omba maelezo ya kazi yako kwa maandishi siku ya kuripoti. Muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada hawana wajibu sawa, na mkunga ana mambo anayoruhusiwa ambayo muuguzi wa wodi ya wanaume hajafundishwa. Ukiagizwa kufanya usilolijua, sema wazi: "Hili sijawahi kulifanya, naomba unisimamie." Ukilifanya kwa kuona haya na mgonjwa akaumia, hutaokolewa na neno "niliagizwa".

Agizo lenyewe likikutia shaka, una wajibu wa kuuliza. Chukua oksitosini ya kuongeza uchungu. Mkunga anayeiweka kwenye dripu bila agizo, bila partografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu), bila mtu wa kuhesabu uchungu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, anaweza kupasua mfuko wa uzazi. Ndugu wakimwomba "amharakishie" mzazi, jibu ni hapana, hata kama aliyeomba ni mke wa kiongozi.

Na ukibaki peke yako na wagonjwa wengi kuliko uwezo wako, usikae kimya. Mpigie msimamizi wa zamu, kisha andika kwenye kitabu cha ripoti: saa, idadi ya wagonjwa, uliyempigia na alichojibu. Usiondoke wodini kabla ya kukabidhi, hata kama anayekupokea amechelewa. Kumwacha mgonjwa bila mtu ni kosa kubwa kitaaluma, na uchovu wako, ambao ni wa kweli kabisa, hauondoi hilo.

Hatua ya 3: Ridhaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo tunapozoea vibaya. Tunamgeuza mgonjwa, tunamchoma, tunampeleka chumba cha upasuaji, na ukimuuliza amefanyiwa nini anasema "sijui, mwanangu, nyie ndio wajuzi". Huyo hakuridhia. Alinyamaza tu.

Ridhaa ya kweli ina mambo manne. Mgonjwa ana akili timamu ya kuamua wakati huo. Ameelezwa kwa lugha anayoielewa: anaumwa nini, kinafanyika nini, faida, hatari, na kama ipo njia nyingine. Ameamua bila kutishwa. Na anajua anaweza kubadili mawazo. Kwa upasuaji, wa kueleza na kuomba ridhaa ni yule atakayepasua. Wewe ni shahidi na mtetezi wa mgonjwa. Ukigundua hajaelewa, usimpe kalamu. Mwite daktari arudi kueleza.

Namna nzuri ya kupima ni kumwomba aseme mwenyewe:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, daktari amekueleza habari za jipu la mguuni. Hebu nisimulie na mimi, umeelewa watafanya nini?"

Akisema "watanikata mguu", umepata kazi ya kufanya kabla ya saini yoyote.

Mgonjwa akiwa Msambaa wa milimani au Mdigo wa Mkinga ambaye Kiswahili hakimkai sawa, tafuta mtumishi anayejua lugha yake. Kumtumia mtoto wake au mkwewe kutafsiri habari za via vya uzazi ni kumnyima siri na pengine kumnyima ukweli, kwa sababu mkwe atatafsiri anayoweza kuyatamka.

Sasa suala la mume. Huku pwani utasikia mara nyingi: "Ngoja mume wangu aje." Akitaka kushauriana naye, mpe nafasi, mpe hata simu yako ampigie. Lakini mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye mwili na ndiye mwenye saini. Mume akikataa upasuaji wa uzazi na mke akakubali, neno ni la mke. Vivyo hivyo mama anayetaka uzazi wa mpango: usimrudishe nyumbani akalete ruhusa. Mzungumzishe faragha, pazia limefungwa, mama mkwe amekaa nje. Na upande wa stara, kama wewe ni mwanamume na mgonjwa ni mwanamke, uliza kwanza kama angependa muuguzi wa kike, na usimfunue zaidi ya pale unapopahudumia.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 huridhiwa na mzazi au mlezi, naye aelezwe kadiri ya umri wake. Kipimo cha VVU kina kanuni yake: marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kuridhia mwenyewe kutoka miaka 18 hadi 15. Binti wa miaka 16 akija peke yake kupima, usimfukuze akamlete mama.

Mgonjwa aliyepoteza fahamu, hana ndugu, na maisha yapo hatarini: okoa kwanza. Mjulishe daktari, andika hali uliyomkuta nayo na kwa nini hamkuweza kusubiri.

Mgonjwa akikataa, usimgombeze wala usimtenge. Tafuta sababu. Mwezi wa Ramadhani utawapata wengi: mzee wa kisukari hataki vidonge mchana, mama hataki dripu kwa kuhofia funga yake. Si kazi yako kumtolea fatwa, na wala si kazi yako kumcheka. Mweleze kitabibu: dawa zinazoshusha sukari pamoja na tumbo tupu zinaweza kumletea jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mwambie daktari, maana mara nyingine dozi zinaweza kupangwa upya kufuata futari na daku. Akitaka kumuuliza shekhe anayemwamini, msaidie ampate. Baada ya hapo akiendelea kukataa, ni haki yake. Andika ulichomweleza na alichojibu kwa maneno yake mwenyewe. Anayetaka kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari hutia saini fomu, lakini hakikisha anaondoka na dawa, anazijua dalili za hatari, na anajua kwamba mlango uko wazi akirudi.

Utafiti ni jambo jingine kabisa, nao mkoa wetu unaujua. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, vilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Ukishirikishwa kwenye utafiti wowote, uliza kwanza kibali cha kamati ya maadili kiko wapi. Kisha hakikisha mzazi anajua huu ni utafiti, kwamba anaweza kukataa au kujitoa, na kwamba mtoto wake ataendelea kutibiwa vilevile. Mama anayekubali kwa hofu ya kunyimwa huduma hajakubali.

Hatua ya 4: Dawa

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Unazijua. Ninachoongeza ni namna ya kuzitimiza. Muulize mgonjwa ataje jina lake lote, usimuulize "wewe ndiye Mwanahamisi?" kwani wodi moja ya Tanga inaweza kuwa na Mwanahamisi watatu, na mwenye homa huitikia jina lolote.

Insulini iangalieni wawili. Ile herufi U ya uniti ikiandikwa imebanana na namba husomeka kama sifuri, na 10 ikawa 100. Andika neno "uniti" lote. Agizo la simu liandike papo hapo, lisome kwa sauti daktari alithibitishe, na akifika atie saini. Usitoe dawa aliyoivuta mwenzako kwenye bomba lisilo na lebo. Pethidini na mofini, dawa kali za maumivu, zikae kabatini kwa kufuli, kila ampuli iandikwe kwenye rejista, na kiasi kilichobaki kimwagwe mbele ya shahidi anayetia saini.

Hatua ya 5: Andika

Lisiloandikwa ni shida kulithibitisha. Miaka miwili baadaye, mbele ya hakimu au Baraza, hakuna atakayekumbuka ulivyokimbia usiku ule, watasoma jalada.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24. Ukiandika "saa 2" bila zaidi, mmoja atasoma saa mbili usiku, mwingine saa nane mchana, na dozi itarudiwa au kurukwa. Iwe 20:00. Mgonjwa anayekwenda nyumbani mwambie kwa saa anazozijua yeye: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Andika ulichoona, usiandike hukumu. Badala ya "mgonjwa mkorofi, amelewa", andika: "20:40, anazungumza kwa sauti ya juu, ana harufu ya pombe, amekataa kupimwa presha, daktari wa zamu amejulishwa 20:45." Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Usifute kwa wino mweupe wala kuchana karatasi. Na usijaze chati ya joto na mapigo ya usiku kucha kwa mkupuo saa kumi na moja alfajiri kwa namba za kubuni. Huo ni uongo juu ya mwili wa mtu, na daktari wa asubuhi ataamulia dawa humo.

Kituo kikitumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, neno lako la siri ni saini yako. Usimpe hata rafiki, hata mara moja.

Hatua ya 6: Siri

Tanga ni mji wa watu kujuana. Utatoka zamu, utapanda daladala ya Pongwe, na aliyekaa pembeni yako ni shemeji wa mgonjwa wa kitanda cha nne. Atauliza kwa nia njema kabisa: "Bi Fulani anaendeleaje? Kwani anaumwa nini hasa?" Jibu la kukariri ni hili: "Yupo mikono salama, nenda ukamtazame saa ya kuona wagonjwa, atafurahi." Usiongeze hata neno "malaria", kwa sababu kesho ukinyamaza kwa mgonjwa mwingine, watajua unaficha kitu.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inaweka wazi kwamba majibu ya kipimo ni ya aliyepimwa, na kuvujisha ni kosa la jinai. Lakini siri huvuja hata bila mdomo. Foleni ya kliniki ya dawa inayoonekana kutoka barabarani, jalada lenye alama linaloachwa mezani, muuguzi anayeita kwa sauti "wa methadoni waje huku", dawa inayojulikana kuwa ya wanaoacha heroini. Kagua kituo chako kwa jicho hilo na upeleke mapendekezo kwa mfawidhi.

Simu ndiyo hatari mpya. Picha ya kidonda, ya pacha walioungana, ya majeruhi wa bodaboda, ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Ukihitaji picha kwa ajili ya rufaa au mafunzo, omba ridhaa ya mgonjwa, ficha uso na jina, pitia utaratibu wa kituo, na usibaki nayo kwenye simu yako.

Mauti hayafungui siri. Msibani watakuuliza marehemu alikuwa na nini. Umekwenda kuzika kama jirani. Lia nao, saidia jikoni, na maradhi yake yaache alipoyaacha.

Siri ina mipaka inayowekwa na sheria: amri ya mahakama, magonjwa ya kutolewa taarifa kama kipindupindu, na mtoto anayedhulumiwa. Hata hapo unampa anayestahili, kiasi kinachohitajika, na unaandika.

Hatua ya 7: Aliyedhulumiwa

Aliyejeruhiwa hufika mara nyingi bila PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Fomu ile ni ya ushahidi. Damu inayotoka haiingoji. Zuia damu, weka njia ya dripu kwenye mshipa, mwite daktari, kisha ndugu waende polisi au polisi waitwe.

Aliyebakwa ahudumiwe mara moja, pasipo maswali ya kumsimanga. Dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina nafasi hadi siku 5. Usimwogeshe kabla ya vipimo vya ushahidi. Nguo zake zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huozesha. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo huduma za tiba, polisi na ustawi wa jamii ziko pamoja, mpeleke huko ili asisimulie mara tano kwa watu watano.

Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwenye taarifa ya unyanyasaji wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Namba 116 hupigwa bure. Wazee wa pande mbili wakija na habari ya "tumeyamaliza nyumbani", waheshimu kwa salamu, lakini jalada na taarifa viende vinakotakiwa kwenda.

Hatua ya 8: Pesa na zawadi

Kupokea chochote ili umpandishe mtu foleni ni rushwa, iwe elfu mbili au gunia la machungwa ya Muheza. Kumuuzia mgonjwa glovu au dawa kutoka mfukoni mwako ni vilevile. Bibi aliyepona akileta chungwa moja kwa moyo wake, liweke mezani wale wote na umshukuru. Kadi ya bima ya mtu mwingine usiipitishe hata kama mwenye shida ni ndugu yako: mbali na udanganyifu, kundi la damu na mzio wa dawa vitaandikwa kwenye jalada la mwenye kadi, na siku moja vitamdhuru. Ukiombwa kushiriki rushwa, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113.

Hatua ya 9: Kosa likitokea

Ukitoa dawa isiyo yake, mfuate mgonjwa kwanza. Mpime, mwite daktari, anza hatua za kuokoa. Mambo ya nafsi yako yatasubiri. Pili, andika ukweli kwenye jalada: dawa, dozi, saa, hali yake, uliyemjulisha. Tatu, mjulishe muuguzi mfawidhi na ujaze taarifa ya tukio. Nne, mgonjwa au ndugu waambiwe, na ni vizuri daktari awaambie mkiwa pamoja, kwa maneno mepesi, bila kumtupia mwenzako lawama. Familia inayofichwa huja kujua, na ndipo hasira inapopanda.

Ukijichoma na sindano yenye damu, osha kwa maji na sabuni pasipo kukamua, toa taarifa na uanze dawa za kukinga VVU haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Kumpima VVU mgonjwa mwenye damu hiyo bado kunahitaji ridhaa yake.

Malalamiko yakiandikwa, yanaweza kupita njia tatu kwa wakati mmoja: nidhamu ya mwajiri, Baraza, na mahakama. Baraza linaweza kukuonya, kusimamisha leseni au kufuta jina lako kwenye rejista. Omba tuhuma kwa maandishi, jibu ndani ya muda uliotajwa, na barua yako ipitiwe na chama chako au wakili kabla ya kuipeleka. Usimfuate mlalamikaji nyumbani kumwomba afute, na usiwapange mashahidi. Andika kumbukumbu yako ya tukio mapema, wakati ungali unaikumbuka vizuri, bila jina la mgonjwa, ubaki na nakala ya kila barua. Jalada lenyewe usilitoe kituoni wala kulipiga picha. Omba kwa maandishi lihifadhiwe na mfawidhi na liletwe siku ya kikao.